294,409: kupita jaribio bado si kuwa tasa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma kidato cha nne, Kongwa. Namba 294,409 nimeigawa kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, imekataa. Programu ya simu ikapandisha 2 hadi kipeo cha 294,408, ikagawa kwa 294,409, ikabaki 1. Tuisheni wanasema basi hiyo ni namba tasa. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si tasa: ni 37 × 73 × 109. Jumlisha tarakimu zake tatu tatu: 294 + 409 = 703, yaani 37 × 19. Kwa kuwa 999 inagawanyika kwa 37, namba yako nayo inagawanyika.

Kuishia 13 kunatosha kwa namba zilizo chini ya 289 tu. Yako ina kipeuo cha pili kati ya 542 na 543, hivyo ulipaswa kufika 541, ambayo ni tasa ya mia. Ungevumilia hadi tasa ya kumi na mbili, yaani 37, ungeikamata.

Kinachoudhi ni hiyo programu. Mwanahisabati Fermat alisema namba witiri ikiwa tasa, baki la hesabu hiyo litakuwa 1. Hakusema baki likiwa 1 basi namba ni tasa! Wanaouza "mbinu za haraka" huigeuza kauli hiyo kila siku, na wanafunzi wanaimeza nzima.

Tazama kilichotokea. 2 kwa kipeo cha 18 ni 262,144. Ondoa 1: 262,143 = 73 × 3,591. Ongeza 1: 262,145 = 65 × 37 × 109. Ukizidisha hizo mbili unapata 2 kwa kipeo cha 36, kasoro 1, na vigawo vyote vitatu vya namba yako vimo ndani, kwa hiyo 2 kwa kipeo cha 36 inabakiza 1. Na 294,408 ni 36 × 8,178. Baki lingekuwa nini kingine?

Wala usidhani kubadili 2 kuwa 3 au 5 kutasaidia. Hii ni namba ya Carmichael, kama 561 na 1,729, yaani si tasa lakini kila namba isiyo na kigawo cha pamoja nayo huleta baki lilelile. Mwaka 1994 wanahisabati Alford, Granville na Pomerance walithibitisha kwamba namba za aina hii hazina mwisho.

Programu ya maana hutumia jaribio la Miller na Rabin. Kwa namba yako huanza na 2 kwa kipeo cha 36,801, yaani 294,408 iliyogawanywa kwa 2 mara tatu, kisha hulipandisha baki kwa kipeo cha pili hatua kwa hatua, ikikagua kila baki. Kwenye 73,602 ingekuta 262,144; hatua inayofuata, 1. Namba yako ingekuwa tasa, kabla ya 1 ingetangulia 1 au 294,408 tu, hivyo ingeikataa papo hapo. Chini ya 1,373,653, kuijaribu kwa 2 na 3 kunatosha kabisa. Programu isiyosema inatumia jaribio gani, ifute. Na anayekuuzia kijitabu cha "kanuni ya namba tasa zote", mpe 294,409 kabla hujatoa hela.