Jina halikuwepo, lakini fundi cherehani alikuwepo

Mmeuliza wiki hii: “Je, vyombo vya habari vimtaje kwa jina mtu aliyebakwa, kama vinavyomtaja mshitakiwa?”

Hapana, labda mwenyewe atake. Ila jina ndilo sehemu nyepesi. Wahariri wengi wanajua kulifuta. Wanachoacha ni hayo mengine yote.

Niliwahi kusahihisha kurasa za gazeti moja. Usiku mmoja ililetwa habari ya binti aliyebakwa. Jina halikuwepo, na mwandishi alijisifia hilo. Ila umri ulikuwepo, darasa analosoma lilikuwepo, na baba yake alitajwa kuwa fundi cherehani. Nilimkata fundi cherehani, nikaenda kulala na amani yangu. Asubuhi gazeti jingine lilikuwa limeficha darasa na kumweka fundi cherehani. Aliyenunua yote mawili alimjua binti kabla chai haijapoa.

Waingereza wameliwaza hili muda mrefu. Sheria yao ya mwaka 1976 ilianza kuwafichia jina wanaolalamika kubakwa. Ya mwaka 1992 ikaupeleka ulinzi huo wa maisha yote kwenye makosa mengine ya kingono. Lakini kinachonivutia zaidi ni kipengele kidogo katika kanuni za wahariri wao: kesi ikimhusu mtoto, mtu mzima aliyeshitakiwa anaweza kutajwa, ila maneno “zinaa ya maharimu”, yaani ngono kati ya ndugu wa damu, yasiandikwe pale yanapoweza kumtambulisha mtoto. Ukishamtaja mwanamume kwa jina na kosa hilo, mtoto umemtaja.

Na mara nyingi siri haianzi kuvujia gazetini. Katika kesi ya gazeti la Florida Star, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1989, jina la mwanamke aliyebakwa lilikuwa kwenye taarifa ambayo ofisi ya polisi yenyewe iliiweka kwenye chumba cha waandishi. Mwandishi mwanafunzi akalinakili, gazeti likalichapa. Mama wa mwanamke huyo akapigiwa simu na mtu aliyetishia kwamba atambaka tena binti yake. Mwanamke alibadilisha namba ya simu, akahama nyumba. Gazeti likashinda kesi, kwa kuwa habari ililipata kihalali. Mimi hukumu ile sijaimeza mpaka leo.

Kuna wanaosema usiri unamwonea mshitakiwa. Wanachanganya mambo: yeye na wakili wake wanamjua mlalamikaji, na wakili anamhoji mahakamani. Tusiolijua jina ni sisi wengine, na hatuna kesi pale.

Wengine watanitajia Gisèle Pelicot, Mfaransa ambaye mumewe alimlewesha dawa na kuwaita wanaume wengine wambake, na aliyekataa kesi yake isikilizwe faragha kule Avignon, Ufaransa, mwaka 2024. Namvulia kofia. Lakini mlango ulikuwa wake, na aliufungua mwenyewe, akijua kwamba haufungiki tena. Mhariri akimfungulia mtu mwingine mlango huo kwa kisingizio cha ujasiri, huo ni uvamizi wa pili.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa, habari isomwe mbele ya mhusika, kama yuko tayari, na aulizwe jambo moja tu: neno gani hapa litamfanya jirani akujue? Yeye atalijua haraka kuliko chumba kizima cha habari.

Yule binti hatukumuuliza. Miezi michache baadaye nilisikia baba yake amehamisha cherehani.