Barua kwa mwanangu: kesi zinazokufuata hadi nyumbani

Mwanangu Neema,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili taratibu. Unaniuliza kwa nini kesi za kituoni zinakufuata hadi kitandani, na kama wakati umefika wa kuiacha kazi ya ustawi wa jamii. Umeandika pia kwamba wiki iliyopita ulimfokea mama aliyechelewa kumleta mtoto hospitali, na kwamba Jumapili ulimvuta mtoto wa dada yako kutoka mapajani mwa baba yake mdogo, mbele za watu, bila sababu unayoweza kuieleza. Ukamalizia kwa kuuliza kama wewe ni dhaifu.

Si dhaifu, mama. Ila hayo mawili uliyoyasimulia hayana chanzo kimoja, na ndiyo maana kulala wikendi nzima hakujakusaidia.

Kumfokea yule mama kunatokana na kuchakaa kazini. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza hali hii mwaka 1974 huko Marekani, kisha mwenzake wa fani hiyo, Christina Maslach, akaionyesha kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kuanza kuwaona watu kama mafaili, na kuhisi unachofanya hakifui dafu. Inaletwa na mazingira: mafaili mengi kuliko mikono, shauri linaloahirishwa mahakamani mara ya nne, kutakiwa kwenda kumtembelea mtoto nyumbani na nauli hakuna. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa na matatizo ya afya, ICD-11, limeiweka kuwa hali inayotokana na kazi, halikuiita ugonjwa. Kwa hiyo usijitibu peke yako jambo ambalo nusu yake liko mezani kwa mkuu wako.

Kumvuta yule mtoto ni kiwewe cha kupokea. Hukuumizwa wewe, umeyapokea maumivu ya wengine kwa masikio, siku baada ya siku, mpaka yakakubadilishia macho. Wanasaikolojia Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman waliandika kuhusu hali hii mwaka 1990, na wakaeleza kwamba inagusa usalama, uaminifu, heshima kwa nafsi na kwa watu, ukaribu, na ile hisia kwamba una uwezo juu ya maisha yako. Wewe imekupata kwenye usalama na uaminifu. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikubali kwamba polisi anayesikia tena na tena undani wa ukatili dhidi ya watoto anaweza kuugua kiwewe hasa, hata kama hakuwepo tukio lilipotokea. Na wewe unasikia yale yale, tena kutoka kinywani mwa mtoto mwenyewe.

Namna rahisi ya kuvitofautisha: uchovu wa kuchakaa hupungua ukiwa mbali na ofisi, hata kama utarudi Jumatatu saa nne. Picha za kiwewe zinazokujia kichwani hazijali kama uko likizo.

Sasa tuingie chumbani unakowasikiliza watoto, maana huko ndiko dozi inakopimwa. Ukimsikiliza mtoto, kuna njia mbili za kumwelewa. Ya kwanza ni kujiuliza, "Yeye anajisikiaje sasa hivi, anahitaji nini?" Ya pili ni kujiuliza, "Ingekuwa mimi? Angekuwa mtoto wa dada?" Hii ya pili ndiyo inayokuunguza, kwa sababu mwili hauna subira ya kutofautisha, unatokwa jasho, moyo unakwenda mbio, na picha inabaki na sura ya mtu wako. Ukijikamata uko kwenye ya pili, usijilaumu. Kandamiza vidole vya miguu sakafuni ndani ya viatu. Vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara tano. Angalia kitu kimoja cha leo kilichomo chumbani, kalenda ya ukutani au mkono wa mtoto ulioshika kalamu ya rangi, kisha rudi kwenye swali la kwanza. Mtoto hatajua kama uliondoka. Wengine hukosea hapa: wakichoka kuungua, wanajikausha kama jiwe na kuita hiyo weledi. Wanaishia kuwafokea akina mama.

Chunga pia yale unayoyapokea bila sababu. Kituo cha mkono kwa mkono, kinachowaweka polisi, daktari na ustawi wa jamii mahali pamoja, kimewekwa ili mtoto asisimulie mara moja polisi, mara daktari, mara kwako. Simamia maelezo yachukuliwe mara moja, mkiwa pamoja na yule askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Hilo linamlinda mtoto kwanza, na linakulinda na wewe. Faili la zamani usilisome lote kwa kuwa tu lipo. Soma kinachohitajika kwa hatua ya leo. Na hizo picha za majeraha mnazotumiana kwenye kundi la WhatsApp, ziishe. Ni kosa kwa siri ya mtoto, na ni sumu kwa kila anayefungua simu akiwa kwenye daladala. Leo hii zima kwenye simu yako ule upakuaji wa picha unaojifanya wenyewe.

Mtoto akishatoka, usimwite anayefuata. Chukua dakika kumi. Kabla ya kufunga faili andika mstari mmoja: hatua inayofuata, nani ataifanya, tarehe gani. Akili hurudiarudia jambo ambalo halijapangiwa hatua; ukishaliandika, inakuwa nyepesi kuliachia. Kisha nawa mikono na uso, kunywa maji, tembea mpaka getini na kurudi.

Ukitaka kusema na mwenzako, usimwage. Najua mnavyofanya saa ya chakula: mmoja anasimulia kila kitu, wenzake wanaacha kula. Wewe umepunguza mzigo kidogo na wanne wameongezewa. Omba ruhusa kwanza, mtahadharishe, kisha sema kidogo: "Leo nimepata kesi nzito. Una dakika kumi? Sitakueleza kilichotokea, nataka tu kukuambia kilivyonigusa." Akisema hawezi, usinune, kaokoa siku yake. Wakipanga kuwakusanya wote baada ya tukio baya na kumlazimisha kila mtu asimulie alichoona, kataa kwa adabu. Shirika la Afya Duniani halishauri vikao vya namna hiyo.

Kwa mkuu wako peleka maombi matatu, kwa maandishi. La kwanza, saa moja ya usimamizi kila wiki mbili, ya kuzungumzia kazi inavyokugusa. Kikao cha kuhesabu kesi ngapi zimefungwa ni kitu kingine, visichanganywe. La pili, mgawanyo wa kesi: ukishamsikiliza mtoto wa pili wa ukatili wa kingono siku hiyo, anayefuata aende kwa mwenzako, wewe uchukue shauri la matunzo. La tatu, likizo yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka, na umeandika hujaigusa tangu uajiriwe. Ijaze fomu. Halafu acha kugawa namba yako binafsi. Mtoto aliye hatarini usiku ana 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, na haimgharimu kitu.

Kuhusu mtoto wa dada yako. Kila nyumba inayofika mezani pako imefika kwa sababu kuna kilichoharibika. Zilizo salama hazina sababu ya kuja, kwa hiyo huzioni, na baada ya mwaka unaamini hazipo. Hofu hiyo usiipige vita kwa maneno matupu. Weka kanuni chache kwa watoto wote: majina sahihi ya viungo, hakuna siri za mwili, na watu wazima watatu anaoweza kuwaambia lolote. Ukishamfundisha hayo, mwache akae na baba yake mdogo, nawe ukae pale pale uione hofu ikipanda na kushuka. Ukimkwepa au kuondoka, inakua.

Ile ndoto mbaya uliyoniandikia kwamba inarudi usiku, iandike mchana. Badilisha mwisho wake uwe wowote unaoutaka, kisha upitie huo mpya kichwani dakika kumi kila siku, mchana, si kitandani. Mara nyingi ndoto hupungua ndani ya wiki chache. Na rudi kwaya. Uliiacha kwa kuwa umechoka, nakuelewa, lakini pale ndipo watu hawakujui kama afisa.

Kuna mpaka ambao ukiuvuka haya hayatoshi. Picha na kushtukashtuka zikizidi mwezi, au wiki mbili zikapita huna raha na chochote, hulali, chakula hakipiti, nenda kliniki ya afya ya akili. Kama unaona haya kuonekana hospitali mnayofanyia kazi, nenda nyingine. Ukianza kunywa kidonge au pombe ili ulale, usisubiri mwezi uishe. Na likikujia wazo kwamba ni afadhali usiwepo, siku hiyo hiyo mwambie mtu aliye karibu akupeleke, kisha nipigie, hata iwe saa nane za usiku.

Kuacha kazi? Usiamue mwezi huu, kwa macho haya. Peleka maombi yako, chukua likizo, hesabu miezi mitatu. Picha zikipungua na ofisi ikabaki vile vile, basi kinachokuumiza bado ni kuchakaa, na kuhamia kituo kingine si kushindwa. Ofisi ikibadilika na picha zikabaki, daktari aje kwanza, uamuzi baadaye.

Baba yako anakusalimu. Nitapiga simu Jumapili baada ya ibada. Sitakuuliza kuhusu kesi yoyote. Nataka kujua tu kama fomu ya likizo umeipeleka.

Mama yako