Kusoma kila chapisho la Eastleigh hakutazuia ugaidi
Ndugu, unasema polisi wakipewa programu ya kusoma kila chapisho la vijana wa Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, ugaidi utakwisha. Hapana. Programu inayosaka maneno humnasa anayeilaani Al-Shabaab pamoja na anayeisifu, maana wote wawili wanaitaja. Kinachosaidia ni kufuatilia uhusiano wa akaunti: nani wanasambaza video ileile kwa wakati mmoja, akaunti ipi hufufuka kwa jina jipya ikifungwa. Al-Shabaab iliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, na watu 67 wakauawa, kundi hilo lilikuwa likijitapa Twitter. Akaunti yake ilipofungwa, lilifungua nyingine. Hapo ndipo pa kutazama! Na mtu anayejua Kisomali na Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, asome kwanza kabla yeyote hajakamatwa. Mzazi akiogopa kushukiwa, hatapiga simu mwanawe akianza kuvutwa na magaidi, na simu hiyo naithamini kuliko programu yoyote.