Kabla ya dawa, niambie habari za maji

Julai imeingia na baridi yake, na kama kila mwaka, simu yangu imejaa picha za samaki wanaougua. Nimechagua maswali yanayojirudia zaidi.

Mzee, hujambo? Niko Umoja, nina tangi la lita 60 lenye gapi, neon tetra na kambale wadogo wa chini. Juzi tetra mmoja alitokwa na vidoa vyeupe, leo ni wanne. Nimtoe wa kwanza nimtibu peke yake?

Sijambo, ndugu yangu. Umeshachelewa kumtenga. Vidoa hivyo, kana kwamba samaki kanyunyiziwa chumvi, ni kimelea kiitwacho Ichthyophthirius. Unachokiona kimejichimbia chini ya ngozi, na huko dawa haikifikii. Kikishiba hudondoka, hujifungia kwenye changarawe na kujigawa kuwa mamia, kisha hao wadogo hutoka wakiogelea kutafuta samaki wa kumwingia. Ni wakati huo tu wa kuogelea ndipo dawa au chumvi huwaua. Kwa hiyo mgonjwa ni tangi zima, hata hao wanaong'aa.

Sasa nikuulize: kipimajoto chako husoma ngapi alfajiri? Usiku wa Julai Nairobi hushuka hadi nyuzi 10 au 12, na tangi lisilo na hita hufuata baridi ya chumba. Tetra na gapi wanataka nyuzi 24 hadi 26. Wakishinda kwenye 18, kinga yao hulegea na kimelea hupata mlango.

Pandisha joto polepole, nyuzi moja kila baada ya saa chache, mpaka 29 au 30. Joto huharakisha maisha ya kimelea, hivyo kinafika mapema kwenye ile hatua kinayoweza kuuawa. Lakini maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, na sisi tuko takriban mita 1,700 juu ya bahari, ambako maji tayari yana oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya pwani yenye joto lilelile. Pampu ya hewa isizimwe usiku wala mchana. (Rafiki yangu wa Mombasa hunicheka kwa wasiwasi wangu wa hewa. Aje afuge huku.)

Chumvi weka gramu 1 kwa lita, yaani gramu 60 kwako. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya tangi, uimimine kidogokidogo kwa siku mbili. Wengine huweka maradufu, lakini kambale wako na tetra hawaivumilii. Chumvi haipotei na mvuke, kwa hiyo ukibadilisha lita 10, rudisha gramu 10 tu. Fyonza changarawe kwa mpira kila siku ya pili. Ukiamua kununua dawa, toa makaa kwenye filta kwa sababu yatainyonya, na usome kama karatasi yake inataka nusu ya kipimo kwa tetra. Endelea siku kumi baada ya kidoa cha mwisho kutoweka. Hapo ndipo wengi hukosea: ngozi ikisafika wanazima hita, na wiki ya pili wananiandikia upya.

Mkia wa samaki wangu wa beta unaliwa kama karatasi. Jirani ananiambia nifungue kapsuli ya antibiotiki iliyobaki nyumbani nimwage ndani. Sawa? (Dada wa South B)

Hapana, dada. Kwenye sponji ya filta yako kuna bakteria wanaogeuza amonia ya mavi ya samaki kuwa kitu kisicho na ukali. Kapsuli inaweza kuwaua hao, amonia ikapanda, ukaanza kutibu ugonjwa wa pili ulioutengeneza mwenyewe. Badilisha theluthi ya maji kila siku kwa wiki moja, halafu keti gizani umtazame. Niliwahi kutibu mkia wa beta kwa wiki mbili nzima kabla ya kumfumania mmoja wa wale samaki wenye milia waitwao babi akimng'ata taa zikishazimwa. Nilimhamisha babi, na mkia ukaota wenyewe.

Maji ya mfereji yalirudi Jumamosi baada ya siku nne za mgao. Kwa furaha niliosha tangi, changarawe na sponji, nikajaza upya. Jumapili samaki wote wako juu wanatweta, wawili wamekufa. Ni ugonjwa gani huu, Mzee? (Kasarani)

Pole sana. Huu si ugonjwa. Klorini ya mfereji imechoma matamvua yao, na ulipoosha sponji kwa maji hayohayo ukawafagia wale bakteria niliowataja. Leo nunua dawa ya kuondoa klorini, ubadilishe theluthi ya maji, uongeze mapovu, na usiwalishe kwa siku mbili. Tangi lako sasa ni jipya. Litachukua wiki nne hadi sita kusimama tena, kwa hiyo chakula kiwe cha kunyunyiza tu.

Siku nyingine sponji ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Na kwa kuwa mgao hautaisha kesho, weka ndoo mbili za lita 20 zimejaa muda wote, zikipigwa mapovu walau siku nzima kabla ya kutumika. Wenye maji ya kisima, msihamie ghafla kutoka mfereji: yakiwa na alkali nyingi, amonia ileile huwa sumu kali zaidi.

Samaki wanatetemeka na kupinduka tangu jana. Maji nimepima, ni safi. (Pangani)

Kuna mtu amepuliza dawa ya kunguni au mende, kwako au kwa jirani? Dawa nyingi za aina hiyo huua samaki kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa huivuta moja kwa moja majini. Badilisha nusu ya maji sasa hivi na ufungue madirisha. Nyingine nitakujibu ukiniambia nani alipuliza.

Samaki wangu wa dhahabu, yule mnene, anaelea tumbo juu. (Mama wa Buruburu)

Mara nyingi, mama, ni kuvimbiwa. Mnyime chakula siku tatu, kisha mpe punje moja ya minji iliyochemshwa na kumenywa. Vidonge vinavyoelea viloweshe kwanza.

Moli wangu amevimba na magamba yamesimama kama koni ya msonobari. Ana siku tano hali. Atapona?

Sidhani. Magamba yakisimama, mara nyingi figo zimeshashindwa kutoa maji mwilini, na hao wanaopona ni wachache. Mtenge kwenye ndoo yenye joto na hewa, umpe siku mbili.

Akizidi, mafuta ya karafuu ndiyo njia ya huruma ya kumwua. Tikisa matone 10 kwenye chupa ya maji ya vuguvugu hadi yawe meupe, yamimine ndani ya lita moja ya maji ya tangi, kisha mweke humo. Atasinzia kwanza. Matamvua yakiacha kutikisika, ngoja dakika 20 zaidi kabla ya kumtoa. Mzike, usimtupe mtoni.

Ukishughulikia ndoo hiyo ukiwa na mkwaruzo mkononi, vaa glavu, na usivute maji kwa mdomo ukifyonza. Samaki wagonjwa wanaweza kubeba bakteria wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu, na bakteria hao wakikuingia ngozini, kidonda chao huchukua miezi kufunga.