Mkuu, usimwage zege kabla hujausoma muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji

Simamisha mafundi leo hii.

Umeuliza kama sheria za mipango ya matumizi ya ardhi zinaleta ajira vijijini au zinaziua, kisha ukauliza mashine ipi ya kukoboa mpunga inadumu na mkopo uanzie wapi. Katikati ya maswali umepitisha haraka haraka: "eneo nimeshapata, mwenyekiti kanigongea mhuri, Jumatatu tunamwaga zege." Hapo nimeacha chakula mezani. Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2017, nikijenga banda la kukoboa mpunga wilayani Mbarali, Mbeya, kwenye bonde la Usangu.

Kiwanja kilikuwa kizuri mno. Nyasi fupi, hakuna mti, kipo kando ya barabara ya vumbi, nguzo ya umeme wa fezi tatu unaiona kwa macho. Mwenyekiti akaja na karatasi ya daftari, wajumbe wawili wakasaini, mhuri ukagongwa, nikalipa bei ya eneo na juu yake pesa ya mhuri ambayo hadi leo sina risiti yake. Nilimuuliza mbele ya watu: hapa kijiji hakijapanga kitu kingine? Akanijibu, "Mdogo wangu, mpango ni mimi." Alijua. Alikuwa kwenye kikao cha kijiji kilichopanga matumizi ya eneo lile, na sahihi yake nimekuja kuiona baadaye. Mtu anayekula hela ya mgeni huku anajua wazi atakuja kuvunjiwa, mimi sina jina lake zuri, na sitalitafuta.

Tukamwaga sakafu jioni. Asubuhi nikakuta zege lote limejaa alama za kwato, kubwa na ndogo, za ng'ombe na ndama wao, zote zimeelekea upande mmoja, kule mtoni. Nikamfokea mlinzi, nikamwambia fundi azibe kwa saruji. Mkuu, ng'ombe wanatembea kwa mstari mmoja juu ya zege bichi usiku, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini wamepita hapo! Yalikuwa mapito yao ya kwenda kunywa maji. Mkutano mkuu wa kijiji ulikuwa umeyatenga miaka mitatu kabla, yamechorwa kwenye ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, na ramani yenyewe ilikuwa imeviringishwa juu ya kabati la mtendaji, hatua kumi kutoka pale nilipokaa nikihesabu noti.

Nilikoboa msimu mmoja. Vijana sita wa kubeba na kulisha mashine, kina mama wawili wa kupepeta, na foleni ya magunia hadi barabarani. Wafugaji wakawa wanazunguka, wanaingia kwenye majaruba ya watu, ugomvi ukaanza kunukia. Mkutano ukaitishwa, muhtasari wa zamani ukasomwa kwa sauti, nikapewa siku tisini kuvunja. Wale wafugaji siwalaumu hata kidogo. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ilipopanuliwa mwaka 2008 ikaichukua ardhioevu ya Ihefu, malisho ya Usangu yalibanwa sana, na njia iliyobaki ya kufika majini ni uhai wao. Mashine niliiokoa. Banda, msingi, kuvuta umeme na msimu mzima wa mavuno uliofuata vilikwenda, zaidi ya milioni 17. Wale vijana sita niliwalipa mshahara wa mwisho nimesimama juu ya kifusi, na mmoja alikuwa ametoka kutoa posa kwa kuitegemea kazi ile.

Sasa sikiliza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8(5): halmashauri ya kijiji haina ruhusa kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Halmashauri nzima haina, sembuse mwenyekiti peke yake na mhuri wake mfukoni. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo nenda kwa mtendaji, omba muhtasari wa kikao kilichoridhia WEWE kupewa eneo HILO, wenye mahudhurio na sahihi. Omba ramani ya mpango, ifunuliwe mezani. Kisha nenda uwanjani na kamati ya matumizi ya ardhi ya kijiji, na umchukue mfugaji mmoja mzee mtembee naye. Ukiambiwa muhtasari upo lakini aliye na funguo kasafiri, subiri arudi. Tofali lisubiri.

Na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo. Mpango ule ule ulionivunjia banda ulikuwa umetenga eneo la viwanda vidogo, upande wa pili wa kijiji. Nilipohamia huko kwa barua na muhtasari mkononi, nilikuwa wa pili. Leo mashine zipo nne zimepangana, kuna fundi wa kuchomelea, mama lishe watatu, bodaboda wanalala pale msimu wa mavuno, na anayenunua pumba kwa ajili ya kuku. Hakuna anayeogopa kuweka pesa kwa sababu hakuna atakayemwondoa. Kijiji cha jirani mpango wao una makazi, mashamba, malisho na msitu, karakana wameisahau kabisa. Kijana mwenye mashine ya kuchomelea kahamia mjini Rujewa. Sheria ni moja, tofauti ni nani alikwenda mkutanoni siku ya kupanga. Kwa hiyo na ninyi vijana wa hapo kwenu, mkutano ukiitishwa msiwaachie wazee peke yao.

Mambo ya mkopo tutayaongea. Kwanza nenda kwa mtendaji kesho asubuhi kabla hajatoka, piga picha ukurasa wa muhtasari wenye ajenda ya ardhi, ziba majina ya watu, uweke hapa. Nitausoma usiku huo huo. Na hao mafundi walipe posho ya Jumatatu waende nyumbani.