Walibora: uanze na kitabu kipi?

Ndugu, umeuliza uanze na kitabu gani cha Ken Walibora, mwandishi wa riwaya wa Kenya, na kama aliwaandikia watoto pia. Anza na Siku Njema (1996). Ndiyo riwaya yake ya kwanza na sioni iliyoipita kwa utamu. Kongowea Mswahili anazaliwa Tanga, mamaye Zainabu Makame ni mwimbaji wa taarabu, na mama akishafariki mtoto huyo anafunga safari mpaka Kitale, Kenya, kumtafuta baba asiyemjua. Wengi wetu tuliisoma kwa sababu ya mtihani, mtihani ukaisha, tukairudia kwa hiari yetu.

Kisha Kidagaa Kimemwozea. Humo Mwalimu Majisifu anaiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Hapo kwa kweli niliumia, maana Walibora anamwacha mwizi apigiwe makofi muda mrefu huku mwenye kazi akichunga ng'ombe.

Kuhusu watoto: ndiyo, tena si kidogo. Ndoto ya Amerika ni ya wasomaji wadogo na ilimpa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mnunulie mwanao hiyo.

Yote hayo aliyafanya akiwa pia mtangazaji wa habari wa NTV, kituo cha televisheni cha Kenya, halafu mhadhiri Marekani na baadaye Nairobi. Alifariki Aprili 2020. Ukitaka maisha yake kwa kalamu yake mwenyewe, tafuta Nasikia Sauti ya Mama.