Muulize Mwalimu: Baba anavua, mwenye mtumbwi anajenga

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita, HGE (Historia, Jiografia na Uchumi). Baba ni mvuvi wa dagaa hapa Katonga, Kigoma. Ana miaka ishirini ziwani na bado tumepanga. Mwenye mtumbwi ameshajenga nyumba tatu. Nataka nisome uchumi wa kisiasa, nifundishe chuo kikuu na kuchunguza jambo hili. Mjomba, ambaye ndiye atakayelipa ada, anataka uhasibu. Nifanyeje?
Binti wa Katonga

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako imenirudisha kwenye sanduku la bati la babu yangu. Babu alitoka Kasulu, akapanda treni hapa Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga. Sandukuni aliacha kipande chake, kadi yenye alama moja kwa kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa. Zitimie thelathini, ndipo alipwe. Wenzake na yeye waliitwa manamba, kwa kuwa shambani mtu alijulikana kwa namba yake.

Nikiwa na umri wako niliuliza: mkonge uko Tanga, mbona wakataji watoke kwetu? Nyumbani hakuna aliyenijibu. Nilikuja kuelewa chuoni, kwa kitabu cha wanahistoria Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago kilichotoka 1983. Mkoloni aliifanya Kigoma ghala la vibarua: kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha yenyewe ilikuwa mashambani, mbali. Siku ile nikajua kazi yangu ni ipi, na sijaijutia hata mara moja.

Ila mjomba usimbeze. Njia ni ndefu: shahada ya kwanza, uzamili, kisha uzamivu. Ili wakuajiri mkufunzi msaidizi, vyuo vikuu vyetu hutaka GPA (wastani wa alama za shahada) isiyopungua 3.8 kati ya 5, na nafasi ni chache. Kwa hiyo omba Uchumi. Chuo kikikukosa, benki au halmashauri itakuelewa. Nadhani hilo mjomba atalikubali. (BAM, yaani hisabati tumizi, umepata ngapi? Hukuitaja, nami naiulizia kwa makusudi.) Thomas Piketty, yule mchumi Mfaransa aliyetikisa mjadala wa matajiri na maskini mwaka 2013, hoja zake alizijenga juu ya kumbukumbu za kodi na mirathi. Uchungu tulio nao sote. Takwimu lazima uzitafute.

Anza na za baba. Nunua daftari. Kila anaporudi alfajiri muulize: wamepata beseni ngapi, ziliuzwa bei gani, mafuta na taa vimekatwa kiasi gani kabla ya mgao, mwenye mtumbwi kachukua ngapi, wavuvi wamegawana ngapi. Andika na siku za mbalamwezi wasipotoka: nani anakula hasara? Usiongeze chumvi, na usimwonee mwenye mtumbwi. Naye ana nyavu za kushona na injini ya kutengeneza.

Mwezi ukiisha, mwonyeshe mjomba kwanza. Kisha niletee hapa Ujiji, nataka kuanzia kwenye mstari wa mafuta.